Fundi wa Gamba

Mama kanitumia debe la mtama kutoka Chipanga,
lugugu mwekundu wa kihenge cha mwaka juzi,
na salamu kwa mdomo wa dereva wa lori la chumvi:
"Mwambie aule upesi. Fukusi wamekwisha ingia."

Wameingia kweli. Unamimina kwenye ungo, unasikia
chakachaka, mvua isiyo na nia ya kulowesha.
Kila punje ina tundu, kila tundu lina mwenyewe,
ana pua ndefu kuliko adabu.

Ningewaanika juani wakimbie.
Badala yake niliwatia kwenye kichupa cha vidonge
nikaenda nao kazini, Hombolo,
ambako hadubini yetu hulala chini ya kitenge kwa sababu ya vumbi,
na Ndahani, aliyenizidi cheo bila kunizidi mikono,
akauliza: "Leo umeleta ndugu zako?"

Mmoja nilimkuta bado yumo ndani ya punje,
ameacha ubuu juzi, rangi ya uji wa uwele,
laini, ungemkunja kama ukurasa.
Nikampasua, nikatia rangi, nikainama.
Kwenye kona ya utumbo wamejaa:
bakteria, vijiti visivyo na macho,
wengi kuliko punje za debe zima,
wanapika.

Mtama una wanga tele, ila hauna kila kitu
cha kujengea ukuta. Wao hukipika kilichopungua,
humpa mwenye tumbo, naye huvaa:
siku ya nne kahawia, siku ya saba udongo wa kichuguu.
Wenzake niliwafuga mezani, nikahesabu.
Siku ya kumi na nne
ukimbana kwa ukucha, ukucha ndio unaouma.

Nikapasua tena. Kweupe.
Hakuna hata kijiti.
Gamba limekauka, na mwenye gamba amewayeyusha mafundi wake
kimyakimya, akawala.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
methali imekomea hapo.
Haisemi shamba likishalimwa mgeni huwekwa wapi.

Nikamkumbuka Mahelela.
Simjui, nalijua jina.
Alikuja mwaka wa njaa, kutoka upande wa Manyoni,
akamjengea babu tembe. Alichagua miti mwenyewe,
akaukanyaga udongo siku tisa
pamoja na samadi ya ng'ombe wasio wake,
na paa lile limebeba masika thelathini na nane.
Nyumba ilipokauka, babu akampa nusu debe
na kumwonyesha njia.
Hadi leo wapitao husema: tembe la mzee Chigwiye.
Ukuta haujawahi kumtaja mwingine.

Ndahani anasema nisichanganye mambo.
Mdudu hana dhambi, ana hesabu:
vijakazi tumboni hula, na kazi imekwisha.
Sawa. Nimeandika kwenye daftari, kwa kalamu ya bluu,
"siku 14, hawapo,"
bila Mahelela.

Lakini kabla ya kuifunika hadubini nilimgeuza jike mmoja,
mzee, gumu kama kokwa,
nikatafuta mahali ambapo sikutumwa.
Penye mfuko wa mayai walikuwapo.
Wachache, wamesazwa, wanangoja yai
wapande humo, waende wakaanze tena kwa mtoto.

Nikacheka peke yangu hadi Ndahani akageuka.

Maana bibi Mbeleje, mke wa mzee Chigwiye,
alizaa watano akawapa majina ya ukoo,
na wa sita, baba yangu mdogo,
yule anayekandika nyumba za watu Bahi nzima
wala hakufundishwa na mtu,
akamwita Mahelela.

Babu, wanasema, aliuliza mara moja tu.
Bibi alikuwa anapepeta.
Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.